Vidonge Kwenye Boksi la Misumari

Jioni, benchi la mbele ya kinyozi lilikuwa limejaa wanaume wenye majibu. Mada ilikuwa mke wa fundi viatu Msumari, anayewekewa dripu za dawa ya saratani. Kila akitoka hospitali hutapika hadi nyongo. Hata harufu ya sabuni humchafua moyo. Asubuhi hiyo alikuwa amemwambia mumewe kwamba kesho haendi tena, bora ugonjwa ummalize kuliko tiba. Msumari aliyasimulia hayo huku akigonga kisigino, kama anayeeleza ya jirani.

Kinyozi, waliyemwita Redio kwa kutozimika, alidai kosa ni la dripu kuingia ikiwa ya baridi. Ingepashwa moto kidogo, kwisha kazi. Kipimo, fundi cherehani, akakataa katakata. Kwake yeye tatizo lilikuwa kitanda: mgonjwa akilazwa miguu kuelekea mlangoni, tumbo linajiandaa kutoka. Benchi lilitafakari hilo kwa heshima zote.

— Na vile vidonge vya kuzuia kutapika? — akauliza Redio.

— Ninavyo humu kwenye boksi la misumari. Nampa akishatapika. Naye anavitapika navyo.

— Umefanya la maana, ndugu yangu, — akasema Kipimo. — Mtu hajatapika, unamzuia nini?

— Tena tumbo likizoea dawa linadeka, — akaongeza Redio.

Msumari akapumua. Ndivyo alivyofikiri tangu mwanzo: dawa isichezewe, itunzwe kwa siku ya shida. Akanyoosha kikombe aongezewe kahawa.

Ndipo akafika binti mmoja, mdogo wa mkewe. Aliwaamkia, akakataa kuketi. Dada yake, alisema, amekubali kujaribu kesho kwa mara ya mwisho, ila vidonge havionekani nyumbani. Nesi alieleza wazi: vimezwe kabla dripu haijaanza, na aendelee navyo siku zinazofuata hata akijihisi mzima.

— Shemeji, umewahi kumpa kabla hajatapika, hata mara moja?

Msumari alimtazama Kipimo. Kipimo alikuwa akitafuta kitu chini ya benchi. Redio akaingia ndani kufagia nywele alizokwisha kuzifagia.

Msumari akafungua boksi, akapangusa pakiti kwa shati lake.

— Twende, — akasema taratibu. — Kesho nitampa mwenyewe, mapema.

Binti akanyoosha mkono.

— Hapana, shemeji. Nipe mimi.