Fundi Pindo na Mguu Aliouombea

Tunamshukuru Mungu kwa maisha ya kaka yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Pindo. Alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa tatu wa baba dobi na mama mkunga. Alisoma hadi darasa la saba, ingawa mwalimu alimkamata mara mbili akishona kaptula ya mwenzake chini ya dawati.

Mwaka 1970 alipata cherehani ya kukanyaga, akafungua kibanda nyuma ya posta. Siku moja aliletewa sketi aipunguze, naye akaipunguza kupita kiasi. Mwenye sketi alirudi siku tatu mfululizo kugomba. Siku ya nne alikuja bila sketi mkononi wala ugomvi. Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1978.

Mwaka 2014 chuma cha cherehani kilimchubua muundi wa kulia. Kidonda kikaingiwa na bakteria sugu, vidonge na sindano vikagonga mwamba. Mwezi Septemba daktari wa upasuaji akasema mguu ukatwe chini ya goti. Kaka alimjibu taratibu, "Daktari, mguu huu ndio unaokanyaga cherehani. Nilizaliwa nao, naomba nizikwe nao."

Muuguzi wa vidonda akamwombea wiki nane za kujaribu tiba ya mwanga. Kidonda kilipakwa dawa inayoingia ndani ya bakteria, kikafunikwa kisipate mwanga kwa muda wa saa mbili, kisha kikamulikwa taa nyekundu robo saa ili dawa iamke iwaue. Wiki ya pili kaka akajitia ujuaji. Kama robo saa ya taa inasaidia, si jua la mchana litamaliza kazi? Akiwa kwenye benchi la nje, dawa imeshapakwa, akingoja kuitwa kwenye taa, akafungua bendeji na kukianika kidonda juani. Jamani! Ngozi ilibabuka, na daktari akataka kukata wiki ileile. Muuguzi alisimama kidete akaomba wangoje, halafu akamgeukia mgonjwa wake.

"Fundi, mteja akitaka suruali ya inchi arobaini, unamshonea ya themanini ili afurahi zaidi?"

Kaka alinywea. Tangu hapo alifuata kipimo kama mtoto wa shule, na tarehe 19 Novemba kidonda kilikuwa kimefunga.

Hakusahau fadhila. Kwa miaka minane alishona mapazia mazito na vifuniko vya macho vya chumba kile cha taa, akikanyaga kwa mguu uleule. Akikuta mgonjwa mwenye haraka, alimwonyesha kovu na kumsimulia ujinga wake mwenyewe, wakacheka wote.

Aprili 2023 moyo wake ulianza kuchoka. Alifariki tarehe 2 Juni, saa nne asubuhi, nyumbani, mkewe akimsugua nyayo.

Ameacha mke, mabinti wawili, wajukuu watano na dada yake mdogo anayewasomea maneno haya. Ahsante daktari uliyekubali kungoja. Ahsante muuguzi, ambaye leo umekaa nasi kama ndugu.

Pumzika kwa amani, fundi wetu. Ulichoomba umepewa: tunakuzika na miguu yako yote miwili.