Soksi za Mheshimiwa

Kijiwe chetu ni benchi moja ya mbao nje ya duka la misumari na mabati la Gerishon, hapa Isiolo mjini, mahali ambapo adhana hukufikia kwa sikio moja na kwaya kwa sikio la pili. Gerishon tunamwita Askofu, kwa sababu hawezi kuuza nyundo bila mahubiri. Dahir, mfanyabiashara wa mbuzi, ni Kadhi, kwa sababu hukumu yake hutoka kabla ya kesi. Njambi, fundi wa simu, ni Kamera: kila kitu anacho kwenye video. Jumatatu hiyo Nurto, muuza kahawa wetu, hajamaliza kumimina kahawa ya tangawizi, kelele zimeshaanza. Mheshimiwa anatafuta kiti cha wadi. Mama yake ni Muislamu, baba yake Mkristo. Ijumaa alikuwa msikitini, karibu na Kadhi. Jumapili alikuwa kanisani, karibu na Askofu. Na Kadhi alikuwa amemwahidi dada yake Abiba, anayechunga mbuzi wa familia kule Gotu, kwamba atamwuliza Mheshimiwa juu ya pampu ya kisima iliyokufa. Mbuzi walikuwa wameanza kuanguka kwa kiu.

KAMERA: Oneni hapa! Amefika mlango wa kanisa, anainama, anavua viatu! Ameingia na soksi mpaka madhabahuni!

KADHI: Wallahi! Mtu akisahau, anafanya ya kwao. Huyo ni wetu.

ASKOFU: Wenu wapi, wewe! Musa alivua viatu mbele ya kichaka kinachowaka. Mheshimiwa aliona moto!

KADHI: Moto gani? Ile jenereta ya spika zenu?

Nurto alicheka hadi kahawa ikamwagika.

ASKOFU: Chekeni tu. Sisi tunatenganisha. Watu walitaka kumfanya Yesu mfalme, akawakimbia, akapanda mlimani. Siasa kule, imani huku.

KADHI: Huku? Na pasta wako aliyemwekea mikono kati ya mabango ya kampeni?

ASKOFU: Hiyo ni baraka, si kampeni.

KADHI: Kwetu hatujifichi. Mtume aliongoza sala, akaongoza na mji. Soko, vita, mayatima, yote yake. Dini na utawala ni kitu kimoja, bwana.

ASKOFU: Sasa mbona Ijumaa imamu alimnyima kipaza sauti?

Kadhi alishusha kikombe polepole.

KADHI: Alisema msikiti si jukwaa.

KAMERA: Wueh! Kwa hivyo anayetenganisha amechanganya, na anayechanganya ametenganisha!

KADHI: Wewe nyamaza, utengeneze simu.

KAMERA: Ninyamaze na sijawaonyesha rangi ya soksi? Kijani!

KADHI: Allahu akbar! Rangi yetu!

KAMERA: Ni rangi ya chama chake, Kadhi.

KADHI: Na chama kiliitoa wapi?

ASKOFU: Kwa matawi ya mitende, Bwana alipoingia Yerusalemu!

KAMERA: Mnakosa picha kubwa. Huyu anataka kujenga nyumba moja ya ibada. Ijumaa mikeka, Jumapili viti. Bunge la kaunti lifunguliwe kwa adhana, lifungwe kwa pambio. Spika avae kanzu na kola ya pasta!

ASKOFU: Na Wasabato je?

KADHI: Wapewe Jumamosi!

KAMERA: Nchi nzima itakuja kujifunza Isiolo!

NURTO: Na kazi itafanywa siku gani?

Hawakumsikia. Walikuwa wamesimama wote watatu, wakigombania simu, wakati lori la mifugo liliposimama kando ya barabara. Mwanamke aliyejaa vumbi alishuka. Alikuwa Abiba.

ABIBA: Salaam aleikum.

KADHI: Waleikum salaam, dada! Umekuja bila kupiga simu?

ABIBA: Nimeleta wale wanaoweza kusimama. Uwauze leo. Mheshimiwa alisema pampu itatengenezwa lini?

Kadhi alimpisha kwenye benchi.

KADHI: Ijumaa tulimwombea dua, dada. Dua ndefu sana.

ASKOFU: Na sisi Jumapili, mama, tulimwombea kwa machozi.

ABIBA: Na yeye akasema nini?

KADHI: Alisema amina.

Abiba alingoja, akidhani bado kuna neno linakuja.

ABIBA: Kwani kati yenu, nani alimwambia pampu imekufa?