Kifaa Namba Sita

Hapa Sindeni, njia ya sokoni, kuna ubao uliopigiliwa juu ya magogo mawili, na mbele yake jiko la mkaa na birika la kahawa la Mwaija. Nyuma ya ubao ni kiwanja cha Mwaija, na kiwanja ni kitupu. Si kwa uvivu wake. Wiki tatu zilizopita, mradi mmoja wa bustani za nyumbani, wenye jina refu kuliko muhuri wake, ulimpa yeye na kikundi chake mfuko wa vifaa sita vya mkono. Kikundi ni sisi wanywa kahawa wa kwenye ubao, maana Mwaija alihitaji sahihi. Mwenyekiti tulimchagua Fransisko, karani mstaafu tunayemwita Waraka, naye akatusomea barua: vifaa vitumike baada ya matumizi ya kila kimoja kueleweka. Vitano vilieleweka. Cha sita kikagoma. Basi vyote vikabaki mfukoni, Waraka akaukalia mfuko, na miche ya ngogwe, zile nyanya chungu, ya Mwaija ikaendelea kurefuka kwenye beseni. Leo saa nne anakuja afisa. Akikuta vifaa havijaanza kazi, vinahamishiwa kikundi cha Mashewa.

— Saa tatu hii, Mwenyekiti, alisema Mwaija akimimina. Miche imeanza umanjano. Nipe basi hata hicho kisepeto.

— Mwanangu, barua inasema vifaa, haisemi kifaa. Tukianza na kimoja, tumevunja mfuko.

Kifaa chenyewe kilikuwa katikati ya ubao: bomba fupi la chuma, pana kama kikombe cha chai, chini meno, juu kishikio, ubavuni namba moja mpaka kumi. Kwenye orodha kimeandikwa “Kifaa Na. 6: kimoja.” Hapo ndipo elimu ya mradi ilipoishia.

Akaegesha pikipiki Sadala, dereva wa bodaboda, ambaye kwa mwendo wake tunamwita Spidi.

— Shikamooni wazee. Bado mnakitazama? Hicho ni cha kukatia maandazi.

— Maandazi yenye namba? aliuliza Waraka.

— Saizi hizo. La mtoto namba mbili, la mwenyekiti namba kumi.

— Acheni ujinga, alisema Mzee Mdoe, tunayemwita Injinia kwa kuwa ujanani aliwabebea mizigo wachimba visima, siku mbili. Hiki ni cha kutafutia maji. Leteni.

Akaenda nacho kiwanjani, akakikandamiza, akakizungusha, akakivuta. Kikatoka na udongo ndani, kikaacha shimo la mviringo, safi kabisa. Injinia akaunusa udongo, macho kayafumba.

— Maji yapo.

— Mzee, mvua imenyesha usiku kucha!

— Ndiyo maana nasema yapo.

Mwaija alilitazama lile shimo. Akalitazama beseni. Akaweka birika chini.

— Hamjui kitu, alisema Waraka, akainuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hiki ni cha mipaka. Unapiga hatua, unatoboa; unapiga hatua, unatoboa. Bila vishimo, hati hupati.

— Nani kakwambia?

— Utaratibu.

Akatoboa mstari mzima, umenyooka kama safu ya majina kwenye daftari, kwa sababu mpaka, alisema, haupindi. Nyuma yake, ubaoni, mfuko ulibaki peke yake.

— Mpaka gani wa vishimo? Spidi alimpokonya kifaa. Huu ni mtego wa fuko! Fuko anapita na shughuli zake, pu! katumbukia.

— Na namba?

— Lazima ujue katumbukia sentimita ngapi. Utaandika nini kwenye ripoti?

Hoja ya ripoti ilimtikisa Waraka. Ilibidi mtego ujaribiwe, na fuko mmoja haishi sehemu moja, kwa hiyo Spidi akatega safu ya pili, akirukaruka. Injinia akadai kifaa chake, akatafuta maji safu ya tatu. Akayapata kila mahali. Mimi mwenyewe nilitoboa mashimo manne, nikitetea jambo ambalo sasa silikumbuki.

— Tulieni! Injinia alikuwa amelala kifudifudi, sikio juu ya bomba. Nasikia watu.

— Wa wapi?

— Mashewa.

— Wanasemaje?

— Wanashangilia. Wanafagia mahali pa kuweka mfuko wetu.

Tulicheka mpaka Spidi akakaa chini kwenye tope, na hapo hapo ikasimama pikipiki nyingine. Akashuka mama mmoja kavaa koti la mvua, kashika fomu. Ni Bi Serafina, afisa wa mradi. Saa nne kamili, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

— Habari za hapa. Jamani, hongereni!

Tukageuka kuona anachokipongeza. Kiwanja chote kilikuwa na ngogwe. Safu tatu, kila shimo na mche wake, udongo umeshindiliwa. Kisepeto kina tope, kopo la kumwagilia linadondosha maji, kireki kimelazwa kando.

— Tumefuata barua, alisema Waraka, akijifuta magoti.

Bi Serafina akaweka alama ya vema mara tano. Kisha akageuza karatasi.

— Na hiki namba sita? Hata mimi fomu yangu haina maelezo. Nyie mnakifanyia nini?

Spidi alitazama mawingu. Waraka alitafuta miwani iliyokuwa puani kwake.

Mwaija alikuwa na mche mmoja umebaki, mikono udongo mpaka kwenye viwiko. Akakichukua kifaa kutoka kwapani mwa Injinia, akakandamiza, akazungusha, akavuta. Akaingiza mche, akarudisha udongo, akashindilia kwa kiganja.

— Hivyo, alisema.

Bi Serafina akaandika: “Kinatumika. Vifaa vibaki hapa.” Mwaija akaukunja mfuko, akauchomeka kiunoni, na hakuna aliyethubutu kuuomba.

Injinia akaniegemea sikioni.

— Kajitahidi, alinong’ona. Ila udongo hakuunusa.