Vikombe Vitatu Kabla ya Kipimo

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya kibanda cha kinyozi, na kahawa tunauziwa na Mama Birika. Juzi jioni Fundi Kufuli alikuja na habari: kesho yake asubuhi anakwenda kupimwa moyo, miadi aliyoisubiri miezi miwili. Siku hizi akipanda ngazi, kifua kinambana. Akaagiza kahawa, na sisi bila kuombwa tukageuka madaktari.

— Wanakuingiza kwenye mashine ya sumaku, Fundi akaeleza. Wanakuchoma dawa, moyo unaona kama unapanda mlima, kumbe umelala zako. Ndipo wanapiga picha waone damu inapita au mishipa imeziba.

— Moyo upande mlima, mwenyewe kalala! Kinyozi, ambaye tunamwita Profesa, akacheka. Huo si ugonjwa, huo ni uvivu.

— Na sumaku, je? Mama Birika akadakia. Na hayo mafunguo yako ya kiunoni, si itakuvua suruali?

— Suruali tu? Profesa akaongeza. Makufuli ya mtaa mzima yatafunguka! Wezi watamwombea dua.

— Acheni utani, jamani, Fundi akasema.

— Hatutanii, Profesa akasema. Sikiliza kitaalamu. Moyo unaokwenda kupanda mlima lazima upashwe moto. Mama, mwongeze cha pili, chungu kabisa.

— Cha tatu hiki hapa, shemeji, Mama Birika akasema akimimina. Ukapande na kurudi!

Fundi akavinywa vyote, haraka haraka, kama mtu anayetaka kumaliza kazi. Hapo ndipo binti yake mkubwa alipotokea, amekuja kumfuata.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

Akakitazama kikombe.

— Baba, ile karatasi ya hospitali nilikusomea mara mbili. Saa ishirini na nne bila kahawa wala chai, maana inazuia dawa yao isifanye kazi. Si ulisema umeelewa?

Profesa akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Mama Birika akainamia makaa yake. Niliona haya, maana na mimi nilicheka.

— Nilielewa, Fundi akasema taratibu. Naogopa, mwanangu. Nilitaka waniahirishie kipimo. Wakikuta mishipa imeziba, je?

Binti akakichukua kikombe, akaketi karibu naye.

— Na kama imeziba, baba, halafu wasiione kwa sababu ya kahawa hii?