Nilimhesabu na Mume Wangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe na ninyi wa nyuma mnaosinzia. Mimi ni Yustina, bibi yenu wa hapa hapa mlimani. Kusoma nilijifunzia kwenye katekisimu tu, lakini hili nililoliona sitalifukia. Mungu alimtoa mume wangu mdomoni mwa kaburi.

Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mume ni mgeni nyumbani kwa mkewe. Akiugua, wa kumbeba na kumlipia dawa ni wapwa zake, watoto wa dada zake. Ndugu za mke hawagusi machela. Baba yangu mzazi aliteleza migombani akavunjika paja. Wajomba zangu walisimama uani wamekunja mikono. "Si wetu huyu. Wenyewe waitwe." Wenyewe walikuwa ng'ambo ya mto, na mto umejaa. Walipofika walimbeba kweli, lakini kumzika.

Basi misheni ikaanzisha akiba ya wagonjwa. Katekista alitueleza baada ya misa: kila mavuno, kila nyumba itoe maharage kwa kila kichwa. Ukitoa pishi moja, unapata dawa za masista, basi. Ukitoa pishi mbili, unapata dawa, wabebaji wa kukushusha hospitali ya Morogoro, na chakula chako huko. "Kila mtu akakadirie mwaka wake," alisema.

Nikakadiria. Nilitandaza ungo, nikaweka punje kwa kila ugonjwa wa mwaka uliopita. Homa za masika. Macho ya watoto. Tumbo la Agata, binti yetu. Kwa kila punje nikajiuliza, hii ilitutoa nini? Kuku. Jembe. Mbuzi mwenye mimba. Nikaona kulipa ugonjwa mmoja mmoja kunatula zaidi ya zile pishi mbili mbili. Na hapo hajaanguka mtu wa kubebwa.

Baba Agata, mume wangu, alikuwa akichonga mpini. "Umehesabu wangapi?"

"Wote wanaokula chungu changu."

"Na mimi?"

"Kwani wewe huli?"

Akacheka. "Mama Agata, mimi nina wapwa zangu. Pishi zangu ziache tule. Na tukiwa wazima mwaka mzima, maharage yetu atakuwa ameyala nani?"

"Aliyeugua. Wewe ushukuru hukuwa yeye."

Siku ya kupeleka, dada zangu walinisimanga njia nzima. "Yustina, kwani umemwoa wewe? Kesho utambeba mgongoni." Nikawaambia wapime yao, waniache nipime yangu.

Masika yakaingia. Baba Agata akarudi kutoka shamba amejikunja, ngiri imemkaba, anatapika, tumbo gumu kama ubao. Tukatuma watu kwa wapwa zake. Jibu likaja: vijana wote wamechukuliwa kumbebea Mdachi mizigo, wamebaki vikongwe. Nikageuka. Kaka zangu wamesimama uani, mikono imekunjwa.

Ndugu zangu, nilipiga magoti palepale matopeni. Bwana, usinionyeshe hili mara ya pili. Kisha nikainuka nikaenda kwa katekista. Hakuniuliza ukoo. Aliuliza, "Yumo kwenye akiba?"

"Yumo. Pishi mbili."

Akaita wenye zamu ya kubeba. Na mmoja wa wenye zamu alikuwa Petri, mdogo wangu, aliyesimama uani kwangu. Akakunjua mikono, akainama kwenye machela, akanong'ona kaka zake wasisikie: "Nabeba mtu wa akiba. Sibebi shemeji."

Baba Agata akafumbua jicho moja. "We beba tu. Tutagombana nikipona."

Walimshusha mvua ikinyesha, njia yote ile ya utelezi hadi mjini, na hakuna aliyemwangusha. Daktari akampasua. Akakaa huko akila chakula cha akiba, akarudi akipanda mlima kwa miguu yake.

Namshukuru Mungu, maana yeye ndiye aliyenisukuma mkono kwenye ule ungo. Na ninyi mumtumaini. Lakini mavuno haya yakiingia, kadirieni mwaka wenu, na anayekula chungu chako mhesabu, awe wa ukoo wako asiwe wa ukoo wako. Baba Agata yule pale, karibu na nguzo. Simama wakuone. Na Petri aliyekaa ubavuni kwake naye asimame, maana tangu siku ile hao wawili hawajaacha kugombana.