Kopo la Pili la Rangi ya Viatu

Sogezeni viti, wanangu, msikae mmoja dirishani na mwingine mlangoni kama wapangaji waliogombania bafu. Daktari amenitazama asubuhi kwa jicho ambalo mimi, mtoto wa mkunga, nalijua tangu utotoni, kwa hiyo tusidanganyane. Pumzi niliyobaki nayo ni kidogo na nina jambo la kusema, basi sikilizeni bila kunikatiza, hata wewe kifungua mimba wangu, ambaye tangu uanze kuongea hujawahi kumwacha mtu amalize sentensi.

Kwanza nashukuru. Nashukuru kwa miaka arobaini na moja niliyokaa kwenye meza ile ya kazi, baba yenu upande wa dirisha na mimi upande wa beseni, tukisafisha na kuwauzia wapenzi wa vitu vya kale mashine za kunyolea ndevu za wakati wa vita, zile ambazo mipini yake ilitengenezwa kwa plastiki ya mwanzo mwanzo kwa sababu chuma chote kilikuwa kimekwenda kwenye bunduki. Watu walitucheka eti tunaosha takataka za marehemu, na takataka hizo ndizo zilizowasomesha nyote wawili, mmoja akawa mhasibu na mwingine akarudi mezani kwangu kwa hiari yake.

Nyumba hii ni yenu wote, asiuze mmoja bila mwenzake kuridhika. Mkasi ule mkubwa uliotundikwa jikoni si wetu, ni wa jirani yetu fundi cherehani, niliuazima mwaka aliozaliwa huyu kitinda mimba, na kila akiuulizia najitia hamnazo; mpelekeeni, mwambieni nimeomba radhi, naye atacheka. Sanduku la mashine msiligawe. Na ujuzi wake msiuache upotee: shika mpini, usugue kwa dole gumba mpaka upate joto, kisha unuse. Mpini ukinuka dawa ya kusafishia hospitali, huo ndio wenyewe. Ukinuka maziwa yaliyochacha, usiuloweke, maana maji yatauvimbisha. Usiponuka kitu, basi umetengenezwa juzi na anayekuuzia anakuona mjinga. Angalia mstari mwembamba ubavuni, mahali vipande viwili vya kalibu, umbo la kumiminia plastiki, vilipokutana. Osha kwa maji ya vuguvugu, tone la sabuni, mswaki mkuukuu, ukaushe palepale. Kuchemsha ni mwiko.

Hapo kwenye kuchemsha ndipo nilipowaitia.

Wiki tatu zilizopita, nilipoanza kulala kitandani mchana kutwa, huyu kitinda mimba aliitoa kwenye kabati la kioo mashine ya babu yenu, ile nyeusi aliyorudi nayo vitani, akaiosha. Maji yakawa meusi, na mpini ukatoka wa kijivu, umefifia kama jivu la mkaa. Wewe mkubwa ukapiga meza, ukamwambia amemuua baba mara ya pili. Akala kiapo kwamba maji yalikuwa ya vuguvugu, ukamwita mwongo, na tangu siku hiyo mnapishana kwenye korido hii kama hamjuani. Mimi nilikuwa humu ndani, mlango uko wazi, nasikia kila neno. Nikanyamaza. Wiki tatu nimenyamaza, wanangu, kwa aibu tu, na aibu hiyo imeniuma kuliko huu ugonjwa.

Mdogo wako alisema kweli. Aliyeichemsha ni mimi.

Nilikuwa na siku tisa katika ndoa. Baba yenu aliiacha mashine ile kwenye sinia, anataka kuitumia siku inayofuata, mashine ya baba yake, kitu pekee alichoachiwa. Nikaiona ina ukoko wa sabuni na doa la damu kavu. Kwetu, kwa mama mkunga, kilichogusa damu kinachemshwa, hakuna mjadala. Nikaitia kwenye sufuria, nikakoleza moto nusu saa nzima, nikiimba, bibi harusi mimi, najiona nimepata la kumfurahishia mume. Nilipofunua, loo! Mng'ao wote umekwenda. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi, kisha nikapiga moyo konde, nikachukua kopo la rangi nyeusi ya viatu, nikapaka, nikasugua, ikang'aa kuliko mwanzo.

Baba yenu aliporudi aliichukua, akaisugua kwa dole gumba, akainusa, akanitazama. Akasema, "Imependeza." Nikamwambia kwa haraka haraka kwamba kitu cha thamani hivi kisitumike kunyolea, kiwekwe kwenye kabati la kioo. Akakubali bila ubishi, nami nikajisifu moyoni kwamba nimepata mume msikivu. Tangu hapo, kila baada ya miezi michache nikawa naipaka kwa siri. Mwaka niliokwenda kumuuguza mama yangu miezi saba, nilirudi nikijua nimeumbuka, nikaikuta inang'aa vilevile. Nikasema kumbe rangi hii inanata.

Tulipomzika baba yenu nikafungua droo yake ya chini, ambayo sikuwa naigusa. Chini ya karatasi za msasa palikuwa na kopo la rangi nyeusi, limeliwa katikati mpaka bati linaonekana, na kitambaa kilichokatwa kwenye gauni langu la zamani. Viatu vyake vyote, mnakumbuka, vilikuwa vya kahawia.

Nilikaa sakafuni, wanangu. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kunusa plastiki, na mimi nilidhani nimemdanganya! Alijua tangu siku ile ya kwanza. Mashine ya baba yake imeharibika mikononi mwa msichana wa siku tisa, naye akasema imependeza, akaibeba siri yangu maisha yake yote nisije nikajisikia vibaya. Hakuwahi kunitupia neno, hata tulipogombana vibaya. Nashukuru. Kila asubuhi nikiamka nashukuru, na sikupata kumwambia.

Sasa... nipeni maji. Ahsante.

Mashine ya babu ni yako, kitinda mimba wangu. Usiipake tena kitu, ibaki ya kijivu, ndivyo ilivyo. Umebeba kosa langu wiki tatu, unisamehe mama yako. Na wewe mkubwa, usiinamishe kichwa, nitazame. Wewe nakurithisha kopo. Lile la baba yako, liko chini ya mto huu, toa. Siku mtu wa nyumbani mwako akikuharibia kitu, mkeo, mtoto, yeyote, kabla hujapiga meza, ulifungue kwanza uone lilivyoliwa.

Mungu awakunjulie riziki, awape watu wa... wa kuwastiri, na nyinyi muwe wa kustiri. Nimewaridhia. Wote wawili, sina kinyongo.

Ileteni hiyo mashine. Niwekeeni mkononi. Sina nguvu ya kusugua... nisugulie wewe, mkubwa, kwa dole gumba, hivyo, mpaka ipate joto. Isogeze. Mh. Hainuki rangi ya viatu tena.

Sasa mpe mdogo wako naye anuse. Mpe mkononi... usiiweke mezani, mpe mkononi.