Nei Aroita, Mwalimu wa Chini ya Mnazi

Mauri, wasikilizaji wapendwa. Kama uko jikoni, geuza samaki wako kisha ukae. Leo tunamkumbuka Nei Aroita, mwalimu wa Kiingereza wa kisiwa cha Abaiang. Nei Aroita amefariki. Jumatatu asubuhi alikunywa chai yake, akalala tena, hakuamka.

Wengi wenu mlipita mikononi mwake. Wengi mliomo melini sasa hivi mlipita mikononi mwake. Mnaujua mtihani wa kuingia chuo cha mabaharia. Mnaijua ile karatasi ya Kiingereza. Sentensi ina pengo, chini yake majibu manne. Tendo limekwisha, linaendelea, au bado? Sentensi hizi mbili zinaunganishwa na neno gani? Vijana wetu wanajua bahari kuliko wanaowatahini. Lakini pengo lile dogo ndilo limewarudisha wengi nyumbani na mabegi yao.

Nei Aroita alizaliwa upande wa wangwa, kwenye maji tulivu ya ndani, akaolewa upande wa bahari kuu, ng'ambo tu ya barabara. Alisema kwa mzaha kwamba safari yake ndefu kuliko zote maishani ilikuwa kuvuka barabara hiyo. Alifundisha shule ya kijiji mpaka nywele zikawa nyeupe. Alipostaafu alipata heshima aliyoitamani miaka mingi: aliteuliwa kuwa mmoja wa watunga maswali ya mtihani ule. Binti yake, Nei Katua, ananiambia, "Mama alicheza siku ile. Peke yake, jikoni, na kijiko mkononi."

Hapo ndipo mdogo wa kiume wa Nei Aroita, Ten Kaburoro, alipokuja.

Ten Kaburoro ana mtoto wa kiume, Riteti. Wakati ule Riteti alikuwa kijana wa kugema tembo la mnazi, na alitaka meli kuliko kitu chochote. Kaburoro aliketi kwa dada yake, akaweka tumbaku mbele yake. Nei Katua alikuwa akisuka mkeka pembeni, akasikia yote.

"Dada, nimekuja na bubuti."

"Sema."

"Naomba majibu ya mtihani. Kwa ajili ya Riteti."

Wasikilizaji wapendwa, bubuti tumezaliwa nayo. Ndugu akikuomba kwa bubuti, hukatai. Ukikataa, aibu inakaa na wewe, na watoto wako wanairithi. Nei Aroita aliitazama ile tumbaku. Akamwambia mdogo wake, "Nimesikia. Nipe mpaka kesho."

Kesho yake alikwenda ofisi ya baraza la kisiwa. Alirudisha karatasi zote zikiwa zimefungwa. Alisema maswali aliyotunga yatupwe, yatungwe mengine, na yeye asihesabiwe tena. Ile heshima ya miaka mingi aliiacha pale mezani. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Kaburoro.

"Bubuti yako nimeipokea. Majibu sina tena, na hayakuwa yangu tangu mwanzo. Kilicho changu ni Kiingereza nilichofundisha maisha yangu yote. Hicho chukueni chote. Sasa na mimi nina bubuti."

"Ipi, dada?"

"Nipe asubuhi za mwanao."

"Asubuhi anagema!"

"Basi nitamfuata huko huko mnazini."

Kaburoro hakuweza kukataa. Lakini alikasirika. Alisema dada yake amempa maneno badala ya mkate. Wakawa wanapishana njiani bila salamu.

Na kweli alimfuata. Kila alfajiri Nei Aroita alikaa chini ya mnazi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Riteti alikuwa juu na kisu chake. Wagema wetu wakiwa juu huimba, mnajua. Riteti hakuimba tena. Alijibu maswali.

"Riteti! Baharia alipofika bandarini, meli ilikuwa imeshaondoka. Kipi kilitangulia?"

"Baharia, shangazi."

"Basi kama alitangulia, mbona hakuipanda? Alingoja mgongo wa papa?"

"Meli! Meli ilitangulia!"

"Haya. Aliogopa sana, pengo, akaruka. Tuweke 'kwa hiyo' au 'hata hivyo'?"

"Kwa hiyo."

"Aliogopa, kwa hiyo akaruka? Wewe huko juu ukiogopa unaruka?"

"Mimi ninashuka, shangazi."

Kijiji kizima kilikuwa kikisikiliza. Jirani mmoja, Ten Mareko, alikuwa akipiga kelele kutoka kwenye mnazi wake, "Huyo amekosea tena! Mwalimu, mtupie nazi!" Naye Mareko akiulizwa swali, ghafla kisu chake kilikuwa butu na alihitaji kukinoa.

Siku ya mtihani ikafika. Riteti alivuka kwenda kisiwa cha Tarawa kuufanya. Alirudi mapema mno.

Alikuwa anajua. Hilo ndilo lililouma. Alikuwa amejaza karibu ukurasa mzima. Kisha kijana wa nyuma yake, ambaye hata jina lake hakulijua, akamnong'oneza: "Kaka, bubuti. Swali la nane." Na Riteti akampa. Msimamizi akawatoa wote wawili.

Nei Katua anakumbuka wote walivyosimama pale uani.

"Ulimpa?" Nei Aroita aliuliza.

"Aliniomba kwa bubuti, shangazi. Ningefanyaje?"

Kaburoro akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Unaona, dada? Wewe ulininyima mimi ndugu yako. Mwanangu amempa mtu baki. Nani kati yenu ni mtu wa hapa?"

Nei Aroita alimgeukia Riteti. Akamwambia, "Kosa ni langu. Nilikufundisha peke yako. Mwakani hakuna atakayekuomba, kwa sababu hakuna atakayekuwa hajui."

Kesho yake alipita nyumba kwa nyumba. Kila mwenye kijana wa kwenda chuoni alipelekewa bubuti: nipe asubuhi zake. Hakuna aliyeweza kukataa. Akakusanya vijana wa kijiji chetu, akatuma habari na kwa vijiji jirani, hata kwa yule kijana wa swali la nane. Alikuja. Anaitwa Bwenaua, na Riteti alimwoa dada yake baadaye.

Walisoma katika maneaba, ukumbi wetu wa wote. Aliwasimamisha katikati. Tendo lililokwisha, nenda upande wa bahari kuu. Ambalo bado, nenda upande wa wangwa. Linaloendelea, baki ulipo. Alisoma sentensi, nao wakatembea. Aliyekwenda upande wake peke yake alichekwa, akarudi mbio. Kuhusu maneno ya kuunganisha, alinyoosha kidole juu, kwenye boriti zilizofungwa kwa kamba za nazi. "Hakuna msumari hata mmoja hapo. Angalieni kila kamba inashika nini na nini. Halafu ndipo mchague."

Mwaka uliofuata Riteti alifaulu. Bwenaua alifaulu. Wengi walifaulu, na hakuna aliyemgeukia mwenzake. Jioni ile Ten Kaburoro alimpelekea dada yake tembo tamu katika chupa.  Alikaa mpaka chupa ikaisha.

Nei Aroita aliendelea na asubuhi zile mpaka wiki iliyopita. Jumapili, siku moja kabla ya kutuacha, alimwita mdogo wake. "Kaburoro, nina bubuti ya mwisho. Darasa lisife."

Nilimkuta Ten Kaburoro jana, ameketi karibu na jeneza. Nikamuuliza atafanyaje. Akaniambia, "Mimi Kiingereza sijui hata neno. Lakini Riteti yuko likizo, na akirudi melini Bwenaua atakuwa nyumbani. Wao watafundisha. Mimi nitafagia maneaba na kuwaamsha watoto. Kufagia najua."

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole Nei Katua, Ten Kaburoro, Riteti na ukoo wote. Pole kwenu wanafunzi wake mlio katika bahari za mbali, msioweza kufika. Na kila mmoja wetu ajiulize leo: ndugu akija kuniomba, nampa kilicho changu, au nampa cha watu ili aondoke haraka?

Mazishi ni leo mchana. Wazazi mnaombwa kuwalaza watoto mapema. Kesho alfajiri Ten Kaburoro atapita kugonga milango.